Kwa nini mpulizaji wetu alinyamaza katikati ya Soul Makossa?

#1 MtuWaMkunguni

Salaam wanabaraza. Swali langu ni moja, na linaniwasha tangu usiku wa Jamhuri.

Mlioko Amu (Lamu) mnamjua yule kijana wa Langoni anayepuliza mdomo wa bata, yaani saksafoni. Aliandaa usiku wa kumkumbuka Manu Dibango, bingwa wa chombo hicho, kwenye mkahawa mmoja wa ufuoni, ukishapita gati kama unaelekea Shela. Tarehe hakuiokota tu. Dibango alizaliwa Douala, Kameruni, 12 Desemba 1933, kwa hiyo usiku ule bendera yetu ilipopandishwa 1963 yeye alikuwa anatimiza miaka 30 kamili. Kijana aliyasema hayo kwenye maiki kabla ya kuanza, watu wakapiga makofi kana kwamba mzee alizaliwa Mkomani.

Alianza taratibu, nyimbo tatu. Kisha wimbo wa Dibango mwenyewe, Soul Makossa. Besi ikaingia, gitaa likaifuata, watalii na wenyeji wote wima. Akapuliza ule mwanzo vizuri sana. Kufika pale ambapo kila mtu anangoja, pale pa kuchezea neno lenyewe "makossa", akashusha chombo, akakipakata kifuani kama mtoto aliyelala, akanyamaza. Besi na ngoma haziachi. Watu wakaimba wenyewe. Mimi nasema dakika mbili, mke wangu anasema moja.

Aliporudi hakurudi na Makossa. Akaja na wimbo wa kwetu, ambao masikio yangu yanaujua ila jina halinijii. Akaumaliza, akainama, akenda zake.

Meza yetu ilikuwa na watu watano na ikatoka na maelezo sita. Nyinyi mwasemaje? Nimepakia klipu hapo chini, samahani mkono ulikuwa unatikisika.

#2 MalindiRaha

Pumzi zilimwishia. Huku kwetu Malindi mpulizaji hula kwanza ndipo apande jukwaani.

#3 BintiLangoni

@MalindiRaha huko kwenu mpulizaji ni spika ya tuktuk. Nyamaza wakubwa waongee.

#4 Kofia_ya_Vito

Kwani hamjui Amu? Adhana ilikuwa inaingia. Kijana ana adabu, akanyamaza. Jambo dogo mnalifanya kubwa.

#5 NahodhaMstaafu

Kofia, mwanangu, Isha ya Desemba huwa saa mbili haijafika, na ngoma ilianza saa tatu. Adhana ya wapi hiyo? Mimi nilikuwako, nimeyaona kwa mato yangu. Wewe yana ulikuwa wapi hata usiwe na habari ya saa?

#6 Kofia_ya_Vito

Naomba radhi Nahodha. Nilikuwa Mokowe, boti ya mwisho iliniacha.

#7 Mshumaa

Stima ilikatika?

#8 MtuWaMkunguni

Hapana. Besi ni ya umeme na iliendelea kunguruma. Sikiliza klipu.

#9 FundiWaVyombo

Habari zenu. Nimepuliza klarineti na mdomo wa bata katika bendi za hoteli Mombasa miaka kumi na saba, sasa natengeneza vyombo vya wenzangu. Usiku ule nilikaa meza ya mbele kabisa, hatua tatu kutoka kwake, kwa hiyo niruhusuni niseme nilichokiona badala ya nilichokisikia kwa jirani.

Alikuwa anapambana na chombo tangu wimbo wa pili. Mara tatu nilimwona akipitisha kidole gumba juu ya mtete, kile kijipande cha mwanzi kinachofungwa kwenye kinywa. Mtete ukilowa sawasawa unakutii. Ukikauka upande mmoja unajipinda kama ukoko wa wali, na sauti inaanza kupiga mluzi usioutaka. Desemba ni kaskazi, upepo unakuja moja kwa moja kutoka baharini, na kijana alisimama umeupiga shavu la kulia. Kati ya wimbo na wimbo alikuwa ameuacha mtete wazi, hakuufunika kifuniko chake. Hilo ni kosa la kijana, mimi nalisema kwa mapenzi.

La pili ni chumvi. Vile vitufe vyote chini yake vina viraka vya ngozi vinavyoziba matundu. Hewa ya chumvi na unyevu ikikaa juu yake vinanata. Kinachosumbua kuliko vyote ni kitufe cha ji-shapu, kwa sababu kimezoea kukaa kimefungwa na springi yake ni dhaifu. Unabonyeza, wenzake wanafunguka, chenyewe kimelala. Nimewahi kunatiwa nacho katikati ya harusi, bwana harusi anaingia ukumbini, mimi natoa sauti ya mbuzi. Baba yake bibi harusi alinitazama mpaka leo naliona jicho lile. Dawa ya haraka ni noti ya karatasi: unaipitisha chini ya kiraka, unakibana kidogo, unaivuta. Shilingi hamsini ya zamani ndiyo ilikuwa nzuri, ikishachakaa.

Basi. Kijana alishusha chombo, mkono wa kushoto ukawa chini ya vitufe. Nyinyi mliona anapakata mtoto. Mimi niliona fundi.

#10 BintiLangoni

Fundi, maelezo matamu, lakini mbona aliporudi chombo kilikuwa kizima? Na kama alikitengeneza, kwa nini asimalizie wimbo uleule?

#11 FundiWaVyombo

Dada, hakikuwa kizima. Wimbo aliorudi nao una noti tano, labda sita, na hakuna hata moja inayokitaka kitufe hicho. Rudia klipu uhesabu. Mpulizaji anayejua chombo chake kimeumwa hutafuta njia isiyo na shimo.

#12 MalindiRaha

Kwa hiyo nilichosema mimi ni kweli, ila badala ya pumzi ni kitufe. Nipewe nusu ya maksi.

#13 Mpwani_wa_Kisauni

Mimi sitoki kwenye mada, nauliza tu: hivi mdomo wa bata si ndiyo siwa ya Wazungu? Shaba, unapuliza, inalia. Amu mlikuwa nayo kabla yao.

#14 MwalimuWaZamani

Ndugu wa Kisauni, hapo umechanganya koo mbili. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu na ya Amu ni ya shaba, na zote mbili tundu la kupulizia liko ubavuni. Anayeipuliza anatetemesha midomo yake mwenyewe, hakuna mtete. Ndugu yake ni tarumbeta.

Mdomo wa bata, ingawa mwili wake ni shaba tupu, ni ukoo wa zumari. Unalizwa na mwanzi unaotetemeka, na bomba lake linaanza jembamba likizidi kupanuka hadi mdomoni, vilevile kama zumari. Tofauti ni kwamba zumari ina mtete wa maradufu na huu una mmoja uliobanwa juu ya kinywa. Wazungu wenyewe huuhesabu pamoja na filimbi na klarineti. Aliyeubuni ni Mbelgiji, Adolphe Sax, akapata hataza yake Paris mwaka 1846.

Kwa hiyo kijana wa Langoni akipuliza ule, anapuliza kitu ambacho wazee wake wangekitambua kwa sauti kabla ya kukitambua kwa sura.

#15 Mpwani_wa_Kisauni

Shukrani Mwalimu. Basi nimeuza siwa.

#16 KandaMbiliZaBaba

Mmetaja Ubelgiji, nami niingie. Marehemu baba alikuwa na sahani za santuri za Kikongo zimejaa sanduku. Alikuwa akituambia Dibango ndiye aliyepuliza kwenye Indépendance Cha Cha. Pengine kijana alinyamaza kwa sababu alitaka kuunganisha na wimbo ule wa uhuru, si ilikuwa Jamhuri? Ikamshinda.

#17 MwalimuWaZamani

Allah amrehemu mzee, lakini hapo alizidisha. Wimbo ule ulirekodiwa Brussels mwanzoni mwa 1960, wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kongo, na Joseph Kabasele na wenzake wa bendi ya African Jazz, gitaa likiwa la Nico. Dibango alikuwa anaishi Brussels wakati huo, anapiga kwenye vilabu, na Kabasele alikutana naye huko. Lakini kuingia kwake African Jazz ni baadaye, 1961, ndipo akaenda nao Léopoldville. Huko alipiga piano sawasawa na alivyopuliza.

#18 KandaMbiliZaBaba

Naam, nakubali. Lakini baba alikuwa na lake jingine zuri. Wimbo wenyewe wa Soul Makossa alikuwa akidhani ni wa toba. Aliambiwa *soul* ni roho, na makosa ni makosa. Akiuweka alikuwa ananyamaza kabisa, anatikisa kichwa kwa huzuni, huku sisi watoto tunacheza ukumbini. Siku alipoelezwa kwamba makossa ni ngoma ya watu wa Douala alikasirika wiki nzima.

#19 BintiLangoni

😂😂 Nimecheka mpaka chai imemwagika. Basi kijana wetu alikuwa anatubu.

#20 MalindiRaha

Alikuwa anakwepa makosa.

#21 Mshumaa

Mimi nina lalamiko. Kwa nini Dibango? Aliye karibu nasi ni Verckys. Mdomo wa bata uliosikika Pwani hii yote, kwenye redio na kwenye kumbi, ulikuwa wa Kikongo. Verckys alikuwa kwenye bendi ya OK Jazz ya Franco tangu 1963, akatoka 1969 akaunda Vévé, na alipofariki Oktoba 2022 sikuona mtu wa Amu aliyewasha hata tochi. Mnajua jina lake lilitoka wapi? Alimpenda King Curtis, mpulizaji wa Marekani, ila alilisikia vibaya "Curtis" likawa "Verckys". Mtu anayejipa jina kwa kukosea kusikia, huyo ndiye wa kwetu.

#22 FundiWaVyombo

Mshumaa, Verckys nampenda kuliko ndugu zangu wawili nisiowataja. Lakini Dibango alipuliza jazz, makossa, rege, rumba, nyimbo za kanisani, akarudi tena. Kijana wa hoteli analazimika kufanya hayohayo kwa usiku mmoja. Nadhani ndiko anakomwona mwenziwe. Na ile sauti nzito ya puani aliyokuwa akiimbia, kijana hawezi, ana sauti ya kinanda.

#23 Wakili_Mchovu

Nimefuatilia uzi huu kimyakimya nikiwa kazini, msimwambie mtu. Mimi naona nyote mmepita pembeni ya jambo.

Soul Makossa ulitolewa 1972 kama upande wa pili wa sahani. Upande wa kwanza ulikuwa wimbo wa kuishangilia timu ya Kameruni, Kombe la Mataifa ya Afrika likichezwa kwao. Kameruni ikatolewa nusu fainali na Kongo-Brazzaville, ambayo ndiyo iliyochukua kombe. Wa mpira ukasahauliwa, wa upande wa pili ukafika New York, na mwaka uliofuata ulikuwa kwenye chati za Marekani. 1982 Michael Jackson akaitumia sehemu ileile ya kuchezea neno, kwenye wimbo unaofungua albamu ya Thriller. Dibango akadai, wakamalizana nje ya mahakama. 2007 Rihanna akaitumia tena, na 2009 mzee akarudi mahakamani Paris.

Sasa tazameni alichokifanya kijana: mwanzo wote aliucheza. Alichokataa kukigusa ni *sehemu ile moja tu*. Ile iliyochukuliwa. Akawaachia watu waiimbe kwa midomo, maana ya watu haina mwenyewe wa kudaiwa. Kwangu huu ndio ushahidi, na mimi nimezoea kuishi kwa ushahidi.

#24 FundiWaVyombo

Wakili, maelezo yako ni mazuri kuliko yangu, ndiyo maana nayashuku.

#25 Wakili_Mchovu

Na yako yana mbuzi na noti ya hamsini. Tuko sawa.

#26 PunguzaMwendo

Hakuna aliyemtaja punda???

#27 MtuWaMkunguni

Punda gani?

#28 PunguzaMwendo

Nilikuwa nje, nimekaa ukutani na wenzangu, hatuna pesa ya meza. Kijana alipofika kwenye ile sehemu, punda mmoja aliyefungwa karibu na mchanga wa ujenzi aliitikia. Si utani. Alilia ndefu, na alikuwa ndani ya wimbo. Kijana aligeuka akamtazama. Ndipo akashusha chombo. Sikilizeni klipu ya MtuWaMkunguni, sekunde ya 31, nyuma ya makofi.

#29 BintiLangoni

Nimesikiliza. Nimesikiliza tena na spika za masikioni. Wallahi punda yuko.

#30 MalindiRaha

Mji ambao punda anajua Dibango na watu wanabishana. Nahamia.

#31 NahodhaMstaafu

Karibu, lakini uje na kazi, punda wako wa kutosha.

#32 Mama_Shela

Samahani ninachelewa kuingia, na pengine nitaharibu kicheko.

Dibango alifariki 24 Machi 2020 huko Ufaransa, kwa korona, ana miaka 86. Alikuwa miongoni mwa watu mashuhuri wa kwanza kabisa tuliosikia wameondoka na ugonjwa ule. Alizikwa kimya, familia tu. Mtu aliyejaza viwanja maisha yake yote.

Mwaka uleule, Julai, tulimzika baba yangu mdogo. Alikuwa mtu wa watu, mpiga ngoma katika maulidi yetu, harusi hazikuanza mpaka afike. Tulihesabiwa makaburini na hatukufika kumi na tano. Hakuna aliyemshika mwenziwe mkono. Waliobaki walisimama mbali ng'ambo ya ukuta, wamevaa barakoa, na kilichonishinda si kilio, ni ule ukimya wa watu wengi waliosimama pamoja bila sauti.

Kijana huyu ni mpwa wa mke wa marehemu. Alikuwa ng'ambo ile ya ukuta. Aliponyamaza usiku wa Jamhuri mimi sikuwaza kitufe wala Michael Jackson. Sisemi ndivyo alivyokusudia.

#33 FundiWaVyombo

Mola amlaze pema, dada. Nilikuwa namjua, alinifundisha kukaza ngozi ya msondo juani.

#34 MtuWaMkunguni

Ahsante Mama Shela. Sikujua kama ni jamaa yake.

#35 Kofia_ya_Vito

Nami pole sana.

Sasa, nilikutana naye asubuhi hii gatini, anangoja mzigo. Nikamwonyesha uzi huu kwenye simu. Aliusoma wote amesimama, boti ikaja ikaondoka. Kwenye punda alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Kwenye Mama Shela hakusema kitu, alirudisha juu akasoma mara ya pili. Nilipomuuliza hasa ni kipi, akasema: "Mwulize huyo Fundi mitete namba mbili na nusu sasa ni shilingi ngapi Mombasa, mimi nimebakiwa na mmoja."

#36 FundiWaVyombo

MNAONA!

#37 Wakili_Mchovu

Tunaona nini? Kuulizia bei si kukiri.

#38 FundiWaVyombo

Kofia, mwambie aje nimpe mitatu bure, na anunue kifuniko. Na alete chombo nikipige jicho hicho kitufe, sitaki pesa yake.

#39 MtuWaMkunguni

Jamani, na ule wimbo aliorudi nao? Hapo hakuna aliyenijibu.

#40 NahodhaMstaafu

Huo ni wa kirumbizi. Ndiyo zumari inayopigwa vijana wakizunguka na bakora, kabla hawajaanza kugongana. Nimecheza mimi, nina kovu kwenye nyusi la ushahidi. Mwalimu amekwisha kuwaambia chombo kile ni ukoo wa zumari. Mwana alirudi kwao, basi.

#41 MwalimuWaZamani

Nahodha, kwa heshima yako, mwendo wa kirumbizi ni wa haraka kuliko huu. Labda alipunguza, lakini sina hakika kama ndio.

#42 BintiLangoni

Si kirumbizi. Nimetoka kwa bibi sasa hivi. Sikio la kushoto halisikii, nikamwekea simu kwenye la kulia. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili akaanza kugonga ukingo wa kitanda kwa kucha, ta-ta, ta, ta-ta, ule mdundo wa pembe kabisa. Kisha akajifunika mdomo kwa leso, mabega yanatikisika.

Ni wimbo wa vugo. Anasema uliimbwa harusini kwake, wanawake wanapita mitaani na pembe na vijiti vyao, na wanaume wa nyumba ile walifunga madirisha kwa aibu. Nikamuuliza maneno yake ni yapi. Akaniambia nifunge mlango kwanza.

#43 NahodhaMstaafu

Bibi yako namheshimu. Ila zumari ile ni ya kirumbizi.

#44 MtuWaMkunguni

Yaani tulikuwa na watalii, mashekhe wawili na mkuu wa shule mstaafu, wote tumesimama tunapiga makofi, na kijana anatupulizia wimbo wa vugo?

#45 MalindiRaha

Dada, maneno basi!

#46 BintiLangoni

Wewe oa kwanza.